Maktaba Iliyosikia Kicheko

Kikaguzi cha seva kilisema sawa. Kilisema kwa rangi ya kijani, mstari chini ya mstari, mpaka kioo chote kikafanana na tuta la mchicha. Nyongeza ya ramani, sawa. Nyongeza ya maji, sawa. Ya zahanati, sawa. Na ya mwisho kabisa, ile iitwayo Mtani, sawa pia.

Kalunde, mtunza seva wa mji, hakubonyeza. Aliitazama ile ya mwisho, kidevu kiganjani, kama mtu anayelinda maziwa yasichemke yakamwagika.

"Unasubiri nini?" Kondo aliuliza kutoka mlangoni. Alikuja kuchukua betri za nyuki, ingawa siku ile hakuna aliyemtaka kazini. Mjomba wake, fundi Msabaha, alikuwa amefariki alfajiri, na macho ya Kondo yalikuwa mekundu. "Kijani ni kijani. Au kwenu Unyamwezini ni rangi ya kuogopa?"

"Kwetu ni rangi ya mboga. Kwenu Uzaramoni ndiyo rangi ya mkeka wa kulalia mchana kutwa." Kisha akageuka. "Pole sana, Kondo."

"Tumeshapoa. Mazishi ni baada ya alasiri. Watani mmeshajipanga?"

"Tumejipanga. Lakini niambie, Mtani iliandikwa na nani?"

"Mjomba mwenyewe, nani mwingine?"

"Na mjomba wako aliwahi kuniambia mimi neno la kweli hata siku moja?"

Kondo akacheka bila kutaka, akajifuta pua kwa mkono wa shati. Kalunde alikuwa ameshaifungua maktaba yenyewe, yaani maandishi yanayoiendesha ile nyongeza. Pale juu, mahali ambapo mwandishi hutaja matoleo ya kanzidata yanayokubaliana na kazi yake, Msabaha alikuwa ameandika: *Nafanya kazi na toleo lolote, mpaka lile watakaloandika Wanyamwezi siku watakapotua mizigo wakapumzika.*

Kikaguzi hakina mtani. Kiliona neno "lolote", kikaridhika, kikapaka kijani.

"Mzee huyu!" alisema Kondo. "Amekufa na bado anawatania."

"Anatutania, ndiyo. Ila mchana huu seva ya mji mzima inahamia toleo la nane kwa kuamini utani wake. Lete ule mtambo wa majaribio."

*

Chumvini hakukuwa na makufuli. Mji ulijengwa katikati ya mbuga, pale ziwa lilipokauka, na watu waliouanzisha walikuwa wamechoka na milango. Kila kitu, tangu sufuria hadi mtambo wa kuchuja chumvi, kilikuwa na alama ndogo isiyoonekana, na kanzidata ilijua ni cha nani. Ukinyanyua kisicho chako bila ruhusa, nyuki wanakuja. Hawakuwa nyuki wa asali. Walikuwa vyombo vidogo vya bati, vyepesi, vinavyolia kwa sauti nyembamba, na wakikugusa, mguu au mkono unakufa ganzi kwa saa kadhaa. Ukirudia, ganzi inapanda. Hakuna aliyekufa kwa nyuki, lakini hakuna aliyewachezea.

Tatizo lilikuja na watani. Mtani gani anayeomba ruhusa? Mwaka wa kwanza wa nyuki, wazee waliojipitia jikoni kwa watani wao kunyakua chungu cha nyama walianguka kama magunia. Ndipo Msabaha alipokaa chini akaandika maktaba yake. Mkono ukigusa kitu cha mtu, kanzidata iliuliza kwanza Mtani, na Mtani aliuliza bangili ambayo mwenye kitu, kama kila mkazi, aliivaa mkononi: moyo wako unasemaje? Moyo wa anayeibiwa hupiga namna yake, na moyo wa anayetaniwa hupiga namna nyingine, hata kama mdomo unatukana. Mtani akisikia kicheko ndani ya kifua, nyuki hukaa kimya. Hakuuliza kabila la mtu, wala hakulijua.

Kalunde aliunganisha nakala ya kanzidata na nyuki mmoja aliyefungiwa ndani ya kizimba cha waya. Aliweka kashata yake mezani.

"Chukua," alimwambia Kondo. "Ingiza mkono kizimbani nayo, huyu hawezi kutoka."

"Kashata moja tu? Ndiyo maana mlitembea mpaka pwani kwa miguu, mlikuwa mnakimbia njaa." Aliinyakua, akaitia mdomoni yote, akaingiza mkono kizimbani akitafuna kwa madaha.

Kalunde alicheka, kicheko cha kweli kabisa. Nyuki akamgusa Kondo kidoleni. Mkono wake ukaanguka juu ya meza kama samaki aliyekufa.

"Kijani!" alisema Kondo, akiutazama mkono wake. "Kijani hiki hapa."

Kalunde aliandika matokeo. Alirudia kwa kikombe, kisha kwa kalamu, safari hii akitumia mkono wake mwenyewe na bangili ya Kondo. Kabla ya jaribio la mwisho aliiweka bangili yake kwenye dhamana, ile kawaida ya mafunzo inayomfanya mtunza seva abebe kosa la mtu mwingine ili mwanafunzi asiumie. Dhamana haikuwa nyongeza. Ilikuwa ndani ya kiini cha kanzidata tangu toleo la kwanza, na ilifanya kazi vilevile: Kondo alinyakua kwa mkono wake wa pili, nyuki akamgusa Kalunde, aliyekuwa ameingiza vidole kizimbani. Kwa hiyo vidole vyake viwili vilikuwa vimekufa wakati anasoma maelezo ya toleo la nane, taratibu, akirudia kila mstari mpaka auelewe.

Akakuta alichokuwa anakiogopa. Mlango ambao Mtani alipitia kusikiliza mioyo ulikuwa umefungwa. Na haukufungwa kwa ubaya. Katika miji mingine wafanyabiashara waliutumia kujua mteja ametamani nini kabla hajataja bei, na watu walilalamika, na Shirikisho la Miji likauziba. Maktaba ilipakiwa, ikakaa mahali pake, ikaitika ilipoitwa. Ila ilikuwa kiziwi.

"Inaweza kuandikwa upya?" Kondo aliuliza.

"Inaweza. Kwa miezi."

"Na mazishi ni leo."

"Na mazishi ni leo," alisema Kalunde.

*

Mtendaji wa mji, Bwana Elinami, aliwasikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kunyoosha karatasi zilizokwisha nyooka.

"Tukibaki toleo la saba?"

"Adhuhuri Shirikisho linatukata," alisema Kalunde. "Toleo la saba lina tundu la kupitisha virusi, hawataki tuwaambukize. Tukikatwa, mashine za figo pale zahanati zinakosa daktari. Anaziongoza kwa mbali, na njia yake inapita kwenye seva hii."

"Najua inapopita." Dada yake Elinami, Nakijwa, alikuwa amelala kwenye mojawapo ya mashine hizo asubuhi ileile. Hakulisema, na hakukuwa na haja. "Basi tunahama. Nyuki je? Tuwazime mpaka jioni?"

"Hawazimwi na mji mmoja, Mtendaji. Mwaka ule walipozimwa, watu wa nje walikuja wakabeba pampu za maji. Tangu hapo ufunguo uko Shirikishoni."

"Basi watani watulie. Siku moja tu."

Kondo alikohoa. "Mtendaji, mimi ni mfiwa na ninakuomba usiseme hivyo. Mjomba azikwe kimya kama mzigo uliookotwa njiani? Mkewe Mwanahamisi hajala wala hajalia tangu alfajiri. Anawasubiri watani."

Elinami alinyoosha karatasi. Kisha akageuza kioo chake kuwaelekea. "Nimesoma maelezo hayohayo. Toleo la nane lina utaratibu wake wa desturi. Unajaza safu tatu kwa kila mkazi: ukoo, dini, kabila. Kisha unaandika kanuni moja: kabila hili na lile ni watani, nyuki wawaache. Kazi ya nusu saa. Majina tunayajua, hata sura tunazijua. Kabila la mtu si siri, Kalunde. Wewe na Kondo mnaimbiana mchana kutwa."

"Tunaimbiana," alisema Kalunde. "Hatuandikiani."

"Tofauti ni nini?"

Kalunde alizitazama zile safu tatu. Aliishia darasa la saba, na hakuzoea kubishana na mtu kama Elinami. Lakini alikuwa amezoea kutazama kitu mpaka kijionyeshe.

"Nikimwambia Kondo Mzaramo wewe, neno linaishia hapa. Nikiandika kwenye safu, linakwenda miji yote iliyo Shirikishoni, usiku huuhuu. Sijui nani atalisoma. Sijui miaka kumi ijayo litatumika kugawa nini." Akamgeukia Elinami. "Mtendaji, samahani. Familia yenu ilikuja Chumvini kwa sababu gani?"

Elinami aliacha kunyoosha karatasi. Kila mtu mjini alijua. Wakati wa ukame mkubwa, miji ya huko walikotoka ilianza kuandika makabila ili igawe maji kwa utaratibu. Utaratibu ukawa mzuri sana, mpaka baadhi ya watu wakaambiwa zamu yao haipo. Baba yake Elinami alikuwa amembeba mgongoni kuvuka mbuga.

"Baba alitembea na chupa tupu," alisema mwishowe. "Hata tulipofika hapa hakuitupa." Akaugeuza kioo kikamwelekea yeye mwenyewe. "Lakini shangazi yako Nyanzala ana kichocheo cha moyo, kile kifaa cha umeme kifuani. Nyuki akimgusa yule, hatutazika mtu mmoja. Nikuulize na mimi: safu tupu inastahili hilo?"

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Kalunde tangu asubuhi.

"Nipe muda niongee naye."

"Adhuhuri nitabonyeza," alisema Elinami. "Zikiwa zimejazwa au ziko tupu, nitabonyeza. Nakijwa hatasubiri."

*

Shangazi Nyanzala alikuwa uani kwake akijifunga kanga kiunoni, amejipaka unga usoni, nusu mweupe nusu mweusi. Alikuwa anajifunza kuchechemea.

"Hivi ndivyo alivyotembea, au?" aliuliza. "Mguu wa kulia ndio ulimsumbua. Nikishanyakua kofia yake ile ya kiua, naivaa, nachechemea mbele ya jeneza, nadai wali. Mpaka nipate wali na kuku jeneza halipiti."

"Shangazi, keti kwanza."

"Ukinikalisha sinyanyuki tena. Sema."

Kalunde alimwambia. Alimweleza juu ya toleo la nane, mlango uliozibwa, nyuki, na moyo wake. Hakumficha kitu, isipokuwa wazo moja ambalo lilikuwa limeanza kumjia njiani, akiwa anavikandakanda vidole vyake viwili vilivyokuwa bado na ganzi.

Nyanzala alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila utani hata chembe, "Siku namzika mume wangu Shabani, nilikuwa nimekauka kama hii chumvi. Siongei. Watu wananipa pole, naziona zinapita tu. Akaja Msabaha. Kavaa suruali ya marehemu, kaifunga kwa kamba, kasimama mbele yangu anasema, mke wangu, chakula kiko wapi, nimefufuka nina njaa. Nilimpiga kwa mwiko. Nikacheka. Nikalia. Jioni ile nikala." Akajipangusa unga uliokuwa unamwagika kifuani. "Leo Mwanahamisi ndiye amekauka. Wewe unaniambia nikae nyumbani kwa sababu ya nyuki wa bati?"

"Nakwambia unaweza kufa, shangazi."

"Nitakufa nina deni la kicheko? Toka hapa, Kalunde. Nenda kwenye mashine zako, ujue utakavyofanya. Mimi najua nitakavyofanya."

Kalunde alitoka. Jua lilikuwa limeshaanza kusimama juu ya mashimo ya chumvi, na mbuga yote iling'aa mpaka macho yakauma. Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyekwisha kuamua na sasa anapanga tu kipi kianze.

*

"Safu ziko tupu," alisema, akiweka kiganja mezani kwa Elinami. "Na zitabaki tupu. Mimi naingia dhamana kwa mji mzima, mpaka jua litue."

Kondo, aliyekuwa ameegemea ukuta, alisimama wima. "Dhamana ni ya mafunzo."

"Haijaandikwa popote kwamba ni ya mafunzo tu. Tumeijaribu asubuhi, wewe ulikuwepo. Mtu yeyote akishika kisicho chake leo, nyuki watanifuata mimi."

"Wewe huwajui watani wenzako? Watanyakua kila kitu! Sufuria, viti, kandambili za mashehe!"

"Nawajua. Ni ndugu zangu."

Elinami alivua miwani. "Ganzi ikipanda mpaka kifuani, Kalunde?"

"Nyuki huanza na miguu. Nitakuwa nimekaa. Kondo atakuwa karibu, akiona imefika shingoni anyanyue jeneza, wali uwe umepatikana au haujapatikana." Alitabasamu kidogo. "Naomba jambo moja. Msiwaambie. Wakijua hawatatania."

Mtendaji alivaa tena miwani. Nje, kipaza sauti cha msikitini kilikwaruza, kikijiandaa kwa adhana. Aliweka kidole chake juu ya kioo, akatazama zile safu tatu, tupu kutoka juu mpaka chini, jina kwa jina. Dada yake alikuwa humo. Chupa ya baba yake ilikuwa bado juu ya kabati nyuma yake.

"Zahanati kwanza," alisema. "Nikiona mashine zimeshika, nahamisha na hayo mengine." Akabonyeza.

*

Ua wa marehemu Msabaha ulijaa. Wafiwa walikaa kwenye mikeka, na katikati yao Bi Mwanahamisi, kajitanda kanga mpaka usoni, hatazami kushoto wala kulia. Kalunde aliketi chini ukutani, mahali anapoona kila kitu, miguu kainyoosha.

Watani waliingia kwa kelele. Mmoja alibeba sufuria ya pilau nzimanzima, akakimbia nayo akisema ni urithi wake. Sauti nyembamba ikalia hewani, na Kalunde akahisi unyayo wa kulia umeondoka. Mwingine alichukua mto wa marehemu, akalala juu yake palepale, akakoroma: "Hivi ndivyo Mzaramo alivyofanya kazi!" Watu wakacheka. Unyayo wa kushoto. Wakachukua viti, wakachukua birika. Magoti yakaenda, kisha kiuno. Kalunde alicheka pamoja nao, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu mtani asiyecheka angeonekana.

Nyuki walikuja mmoja mmoja, wadogo, bila haraka, wakimgusa na kuondoka. Kondo hakuwa anatazama utani. Alikuwa anamtazama yeye.

Ndipo jeneza likatolewa ndani, na Shangazi Nyanzala akatokea. Uso nusu unga, kanga kiunoni, akachomoa kofia ya kiua pale ilipotundikwa mlangoni, akaivaa upande. Kalunde alimfuata kwa macho. Nyuki alishuka juu ya kichwa cha Nyanzala, akazunguka mara moja kama anayeuliza njia, kisha akageuka. Mkono wa kulia wa Kalunde ukaanguka mapajani.

Nyanzala alichechemea. Alichechemea vizuri mno, mpaka na ile tabia ya Msabaha ya kusimama katikati ya njia na kuinua kidole kana kwamba amesahau neno. Akajilaza chali mbele ya wabebaji. "Sipiti, hampiti!" alisema kwa sauti ya Msabaha kabisa. "Mwanahamisi! Nakwenda safari na sijala! Wali uko wapi, mke wangu, au umempa Mnyamwezi?"

Kanga ya Mwanahamisi ilitikisika. Watu wakadhani analia. Kisha ikateleza, na uso ukaonekana, machozi yanatiririka na meno yote nje. "Mwongo wewe!" alipiga kelele. "Jana ulikula sahani mbili!" Akacheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikamgeukia kilio, kilio kirefu kilichokuwa kimemkwama tangu alfajiri, na wanawake wakamshika.

Watani walishangilia, wakanyakua mikeka, wakanyakua ndoo. Mkono wa kushoto. Mabega. Kalunde alitaka kumwita Kondo, akakuta taya limekuwa gumu kama jiwe la chumvi.

"Nyanyueni!" Kondo alifoka. "Nyanyueni jeneza! Mjomba anachelewa!"

Wabebaji wakaruka juu ya Nyanzala. Naye, akiwa bado chini, aliona watani wote wamesimama kuimba isipokuwa mmoja pale ukutani. Akainuka polepole. Akamfikia, akamgusa shavu, akaona macho tu ndiyo yanayocheza.

"Mtoto wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto mjinga wewe." Alivua kofia ya Msabaha, akarudi akaiweka mapajani kwa Mwanahamisi, taratibu, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku. "Rudisheni vitu," aliwaambia watani. "Tumeshashiba. Rudisheni vyote, sasa hivi."

Habari ilienea uani bila mtu kuisema kwa sauti. Sufuria zilirudi, viti vikarudi. Bi Mwanahamisi alisimama, akaja mpaka ukutani, akamwinamia Kalunde aliyekaa wima kama gogo lililosahauliwa na waseremala. Macho ya mjane yalikuwa yamevimba, na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho asubuhi hakikuwepo.

"Jamani Wazaramo," alisema, "njooni muone. Babu zao walibeba pembe na mizigo ya watu mpaka pwani, hawakuchoka. Leo Mnyamwezi amekuwa mzigo yeye mwenyewe! Leteni kitanda cha kamba tumbebe, tulipe lile deni la zamani liishe."

Ua ulilipuka kwa kicheko. Wanawake wanne walimnyanyua. Kalunde alipita juu ya vichwa vya watu, mbingu ikiyumba, na jibu lake lilikuwa tayari, zuri, kali, la kumkalisha Mwanahamisi chini mbele ya ukoo wote. Ulimi haukunyanyuka. Ilibidi akae nalo mpaka jua litue, na hiyo ndiyo sehemu ya siku ile iliyomuuma kuliko zote.

*

Iliwachukua masika yote kuandika maktaba mpya. Kila walipozika, mtu mmoja aliingia dhamana: Kondo mara ya kwanza, Elinami mara ya pili, na walimbeba Elinami kwa urefu wake wote wakilalamika. Maktaba mpya haikusikiliza mioyo. Ilimsubiri mwenye kitu: kama hakupiga ukelele wa kuibiwa, nyuki walikaa. Ilikuwa polepole zaidi kuliko ya Msabaha, na haikujua kabila la mtu.

Kalunde aliijaribu kwa mkono, kashata kwa kashata. Alipomaliza, alifika pale juu, mahali pa kutaja matoleo. Vidole vyake vilikaa kidogo juu ya herufi. Kisha akaandika:

*Nafanya kazi na toleo la nane peke yake. La tisa likija nijaribuni kwanza, msiamini rangi ya kijani. Msabaha, mkeo alidai tumebebwa. Tumebebwa kweli, lakini Wazaramo waliomba kupumzika mara nne kabla ya kufika kivulini.*